Maswali Yenu: Kumpiga Picha Mdudu wa Uani Mpaka Macho Yake Yaonekane

Toleo lililopita tulichapisha picha ya buibui mrukaji akiwa kwenye ukuta wa jikoni, macho yake manne ya mbele yakimkodolea msomaji. Barua zilizofuata hatuwezi kuzijibu zote. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi, na zilizofanana tumezijibu pamoja. Kuna aliyetukumbusha kwamba buibui si mdudu kwa kuwa ana miguu minane. Ni kweli, ila uani kwetu wote ni wadudu, na humu tutaandika hivyo hivyo.

Mimi natumia simu tu. Nikimsogelea mdudu picha inakuwa ukungu mtupu, nikirudi nyuma anabaki nukta. Kuna njia bila kununua kamera? (Msomaji, Fuoni)

Ipo. Kila lenzi ina umbali ambao ukiukaribia zaidi haishiki tena fokasi, na kwa kamera kuu ya simu nyingi umbali huo ni kama sentimita 8 hadi 10. Ule ukungu unakwambia umeshavuka mpaka. Rudi nyuma hadi picha isafike, vuta mara mbili kwenye kioo, piga, kisha ukate kingo baadaye. Kwa kipepeo au vunjajungu hiyo inatosha kabisa.

Kwa walio wadogo zaidi, nunua lenzi ya kubana, ile yenye kibanio kama cha kuanikia nguo. Ibandike juu ya kamera kuu, si juu ya nyingine. Ili ujue ipi ndiyo kuu, fungua kamera ikiwa kwenye 1x kisha ziba tundu mojamoja kwa kidole: litakalofanya kioo kiwe cheusi ndilo lenyewe. Lenzi hizi nyingi huona vizuri kwa umbali wa sentimita 2 au 3 tu, basi usishangae ukitakiwa kufika karibu sana. Na ile kamera ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya megapikseli 2 inayosifiwa kwenye boksi la simu, tunashauri uisahau. Kamera kuu yenye lenzi ya kubana huishinda kwa mbali.

Makosa matatu ndiyo yanayorudi kila mara. La kwanza, simu hujibadilishia kamera yenyewe ukisogea, ikakimbilia ile ya pana, inayochukua eneo kubwa. Tafuta kwenye mipangilio pale inapojiwasha makro na uizime. La pili, fokasi inahamahama. Bonyeza kioo juu ya jicho la mdudu na ushikilie mpaka alama ya kufunga itokee, kisha usiguse tena: sogeza simu yenyewe mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipiga mfululizo. La tatu ni mafuta ya kidole kwenye kioo cha lenzi. Aliyetoka kula sambusa akapiga picha asitafute mchawi.

Ukipiga usiku chini ya taa ya nyumbani na picha ikaja na mistari ya giza na mwanga, kamera haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za LED hupepesa kwa mdundo huo. Weka spidi ya shata (muda ambao kamera hufunguka) 1/50 au 1/100 ya sekunde na mistari itaondoka au itapungua sana.

Nimepata kamera ya mkono wa pili yenye lenzi ya 18–55. Lenzi ya makro bei yake siiwezi. Ninunue nini kwanza? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Mwalimu, una njia tatu, na kila moja ina adhabu yake.

Kwanza zipo ringi za kurefushia, mirija mitupu isiyo na kioo inayokaa kati ya kamera na lenzi. Huuzwa kwa seti, aghalabu milimita 12, 20 na 36. Hesabu yake ni nyepesi: gawa urefu wa ringi kwa urefu wa lenzi (ile namba yake ya milimita, kama 18 au 55), kisha ongeza ule ukuzaji ambao lenzi ilikuwa nao mwanzo. Ringi ya 36 kwenye 55 inakupa 0.65, ukijumlisha na ukuzaji wa lenzi yenyewe unakaribia moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 juu ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Iweke lenzi kwenye 55. Ukiiweka 18 na ringi ndefu, mahali pa fokasi panaingia ndani ya lenzi yenyewe na hutaona chochote, na wengi hurudisha ringi dukani kwa sababu hiyo wakidhani ni mbovu. Chukua zenye pini za umeme. Zile za bei ya kutupa hazina pini, kwa hiyo kamera haiwezi kufunga tundu la lenzi, nawe unabaki na tundu wazi na picha yenye uzi mmoja tu ulio safi.

Ya pili ni ringi ya kugeuzia lenzi. Unaifunga lenzi kinyumenyume, uso wake ukitazama kamera. Ndiyo rahisi kuliko zote na ukuzaji wake ni mkubwa. Hapa mambo yanakuwa kinyume: ukiwa 18 unakuza zaidi kuliko ukiwa 55. Shida ni tundu la lenzi tena, kwani umeme haufiki. Kwa Canon kuna ujanja unaojulikana: lenzi ikiwa bado imekaa kawaida, weka tundu kwenye f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shikilia kitufe kidogo cha kuhakiki kina kilicho pembeni mwa lenzi, na uichomoe lenzi huku kitufe kikiwa kimebonyezwa. Tundu litabaki pale pale. Lenzi za zamani zenye ringi ya namba za f shingoni hazihitaji ujanja wowote. Kumbuka kwamba kioo cha nyuma sasa kimekaa nje, kinatazama vumbi na chumvi.

Ya tatu, ambayo tungeichagua kama una lenzi ndefu ya 55–250 au unaweza kuiazima, ni lenzi ya kukuza ya kubandika mbele. Mojawapo, Raynox DCR-250, ina dayopta 8, yaani kipimo cha nguvu yake ya kukuza. Ukiibandika kwenye 250 unapata ukuzaji wa mara mbili, na bado uko kama sentimita 12 kutoka kwa mdudu. Sentimita hizo 12 ndizo zinazofanya kerengende asiruke. Jihadhari na seti za bei ndogo za vioo vya +1, +2, +4 na +10. Ile ya +10 huacha pindo la zambarau kwenye kila ukingo wa mdudu.

Ukishanunua chochote kati ya hivyo, piga rula. Sensa ya kamera kama yako ina upana wa milimita 22 hadi 24. Ukiona milimita 22 kutoka ukingo hadi ukingo wa picha, uko moja kwa moja. Ukiona 11, umekuza mara mbili. Anayeanza abaki kwenye moja kwa moja kwa miezi miwili mitatu. Kupita hapo, pumzi yako tu inatosha kuharibu picha.

Picha zangu zinakuja na giza. Nikiwasha flashi ya kamera, mbawakavu anang'aa madoa meupe kama kapigwa chokaa, na nyuma yake ni usiku mtupu ingawa ni saa 6 mchana. (Kijana, Jang'ombe)

Barua kama yako ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, na kwa kweli picha nyingi za wadudu hufia hapa, wala hazifii kwenye lenzi.

Giza kwanza. Lenzi ikisogezwa mbali na sensa ili ikuze, mwanga unatawanyika. Ukiwa moja kwa moja, f/11 yako inafanya kazi kama f/22, maana umepoteza robo tatu ya mwanga kabla hujaanza. Hata kwenye jua kali ungehitaji spidi ya 1/50 hivi kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), na kwa ukuzaji huo mkono wa mtu hautulii kwa 1/50. Ndiyo maana karibu kila picha nzuri ya mdudu aliyepigwa kwa mkono imepigwa kwa flashi. Mwako wa flashi ni mfupi mno, na kadiri unavyoipunguza nguvu ndivyo unavyofupika zaidi. Mwako ndio unaomgandisha mdudu, spidi ya shata haihusiki sana.

Madoa meupe yanatokana na udogo wa chanzo cha mwanga. Gamba la mbawakavu ni kioo. Linaonyesha umbo la kile kinachomulika. Mulika kwa kitu kidogo, utaona nukta kali. Mulika kwa kitu kipana kilicho karibu naye, utaona mng'aro laini na rangi zake zitatokea. Tena flashi ya juu ya kamera huzibwa na lenzi yenyewe, kivuli kikamwangukia mdudu. Tafuta flashi ya kuchomeka juu, hata kuukuu, alimradi nguvu yake iweze kupangwa kwa mkono.

Sasa tengeneza difyuza, kifaa cha kutawanya na kulainisha mwanga wa flashi. Chukua paketi tupu ya juisi ya lita 1, ile yenye rangi ya fedha ndani. Ioshe kwa sabuni, la sivyo chungu watakufuata wewe badala ya wewe kuwafuata wao. Kata upande wa chini wote na upachike paketi kwenye kichwa cha flashi. Zungushia gundi ya karatasi ishike. Upande wa mbele ukate mshazari, ili mdomo utazame chini, pale ncha ya lenzi inapoelekea. Funika mdomo huo kwa karatasi nyeupe ya A4 iliyokatwa pana kuliko mdomo, kama sentimita 15 kwa 20, ikunje kidogo iwe kama ukingo wa bakuli juu ya mdudu. Ongeza kipande kidogo cha karatasi hiyo hiyo katikati, kwa ndani, kwa sababu katikati ndipo mwanga unapozidi. Ile plastiki laini nyeupe inayofungiwa runinga na vyombo vya kioo ni nzuri kuliko karatasi, na haichaniki ikiloa umande.

Pima kabla ya kutoka. Weka kijiko cha chuma mahali pa mdudu, piga, na utazame mng'aro kwenye mgongo wake. Ukiona mraba mpana wenye kingo laini, nenda uani. Ukiona nukta kali katikati, ongeza karatasi au sogeza mdomo wa difyuza karibu na ncha ya lenzi.

Mipangilio ya kuanzia: kamera kwenye M (unapanga mwenyewe kwa mkono), spidi 1/200, f/11, ISO 200, flashi 1/8 ya nguvu yake. Picha ikiwa nyeupe mno shusha flashi hadi 1/16. Ikiwa giza pandisha hadi 1/4, au peleka ISO 400. Usikae kwenye nguvu kamili: flashi inachelewa kujaa, mdudu anaondoka, na karatasi iliyogusana na kioo cha flashi inaweza kuungua.

Na ule usiku wa nyuma? Mwanga wa flashi hufifia upesi: umbali ukizidi mara mbili, unabaki robo. Kama flashi iko sentimita 10 kutoka kwa mdudu na ukuta uko sentimita 40 kutoka kwenye flashi, ukuta unapata sehemu moja tu kati ya 16. Weka kitu nyuma ya mdudu, sentimita 5 hadi 10. Kipande cha jani la mgomba hutoa kijani kizuri. Kanga ya njano nayo hutoa mandhari kama ya jua linalochomoza, na jina halisomeki.

Jicho linaonekana safi, mwili wote umefifia. Niliweka f/22 ili kila kitu kionekane, ikawa mbaya zaidi. (Msomaji, Chwaka)

Ukiwa moja kwa moja kwenye f/8, kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana safi, hakifiki milimita 1. Ukikuza mara mbili, kinabaki kama robo milimita, unene wa kurasa chache za gazeti. Ukibaki nusu ya ukuzaji huo wa kwanza, yaani mdudu wa milimita 10 achukue milimita 5 ya sensa, na f/11, unapata karibu milimita 2 na nusu. Hapo unaona kwamba kurudi nyuma kidogo na kukata picha baadaye kunakupa zaidi kuliko kufunga tundu. Nayo f/22 kwenye moja kwa moja ni sawa na f/44: mwanga unapenya tundu dogo hadi unajipinda na kusambaa, picha nzima inakosa makali. Usivuke f/11, au f/8 ukikuza mara mbili.

Njia ya bure ni kuiweka kamera sambamba na mwili wa mdudu. Mdudu aliyelala ubavu, kamera ikiwa sambamba na ubavu wake, ataonekana kutoka kichwa hadi mkia. Ndiyo maana kwa mazoezi tunampendekeza buibui mkubwa wa utando wa manjano, Nephila na jamaa zake, anayetanda kati ya michungwa na nyaya. Jike hukaa kichwa chini katikati ya utando, bapa kama aliyebandikwa, saa nzima bila kusogea. Simama ubavuni mwa utando kwanza uone amelala kwa pembe gani, kisha zunguka uielekeze kamera kwa pembe ile ile. Tazama na pembeni: kibuibui kidogo mno kilicho ukingoni si mtoto wake, ni mume.

Ukitaka uso kwa uso na bado upate hadi mgongo, itabidi uunganishe picha. Mdudu awe ametulia kabisa. Anza na fokasi mbele ya macho, piga mfululizo huku ukijisogeza mbele kwa nusu milimita hivi kila picha. Kwa mwili wenye kina cha milimita 6 utahitaji picha 12 hadi 15. Programu ya Picolay huunganisha bure kwenye kompyuta. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia. Akitikisa papasi (zile nyuzi mbili za kichwani) mara moja katikati ya mfululizo, utapata papasi mbili zilizofifia kila upande, na hakuna programu ya kuliondoa hilo vizuri. Rudia.

Nimesikia wadudu wakitiwa kwenye friji wanatulia. Ni kweli? (Msomaji, Mkoani)

Wanatulia, na wengine wanakufa. Hata waliopona hukaa vibaya, miguu imekunjwa chini ya tumbo na papasi zimelegea, na anayewajua wadudu ataona kwa jicho moja. Alfajiri itakufanyia kazi hiyo hiyo bure.

Majimoto wamejaa kwenye mikarafuu na mpaka kwenye kamba ya nguo. Nataka picha zao bila kuumwa. (Mkulima, Konde)

Bila kuumwa kabisa hatuahidi. Majimoto ni chungu, naye akiuma haishii kwenye taya: hukunja tumbo na kurushia asidi kwenye jeraha. Lakini wengi wanaoumwa hawaumwi na wale wanaowapiga picha. Wanaumwa na wale waliopanda kupitia tawi waliloegemea. Kabla hujainua kamera tazama mgongoni, tazama majani yanayogusa bega, tazama unapokanyaga. Chomeka suruali ndani ya soksi.

Hiyo kamba yako ya nguo ni bahati. Mtini majimoto huenda popote. Kambani njia ni moja tu, na nyuma yake hakuna kitu cha karibu. Usimfukuze mmoja mmoja. Chagua nukta moja ya kamba, weka fokasi hapo, egemeza mkono kwenye nguzo (umeikagua?), na usubiri wapite. Wakikutana wawili huwa wanasimama na kugusana papasi kwa muda mfupi, na hapo ndipo pa kupiga. Ukitaka asimame zaidi, weka tone la asali lenye ukubwa wa kichwa cha pini juu ya kamba. Atainama anywe, na kama mwanga wako ni mzuri utaona tumbo linavyotanuka na kuwa angavu. Tone likiwa kubwa watajaa ishirini na utapata lundo la miguu.

Kiota kinachojengwa ndicho picha kubwa zaidi. Wanashikana viunoni wanafanya mnyororo, wanavuta kingo za majani mawili mpaka zikutane, kisha wengine wanawabeba mabuu yao mdomoni na kuyapitisha huku na huku: hariri ya kushonea inatoka kwa buu. Tafuta jani lenye uzi mweupe mpya pindoni. Na wasikudanganye wanaosema uwachome moto. Majimoto hao ndio wanaomwinda Pseudotheraptus wayi, mdudu anayefyonza nazi changa hadi zikaanguka, na ulinzi wao kwenye minazi ulichunguzwa hapa Zanzibar tangu miaka ya 1950.

Ukiwa hapo hesabu miguu. Kuna buibui wanaojifanya chungu, wembamba vile vile, na miguu ya mbele wameiinua juu kama papasi. Ukimwona "majimoto" anayeshuka kwa uzi, piga haraka.

Wanangu wawili wamekamatwa na mchezo huu, mchana kutwa wako nyuma ya nyumba wanapekua mawe. Yupo wa kumwogopa? (Mama, Makunduchi)

Wapo wachache, na karibu wote wanaumiza mkono ulioingia mahali bila macho kutangulia. Sheria iwe moja: jiwe, gogo au kuti linageuzwa kwa kijiti, likifunguka upande wa pili, si upande wa miguu yao. Chini yake ndiko waliko nge na tandu. Viwavi wenye manyoya wasiguswe. Jongoo ni mpole, ila majimaji anayotoa yakifika machoni yanawasha vibaya; wanawe mikono kabla ya kujipangusa. Chini ya viti vya plastiki na ndoo zilizokaa muda mrefu, akipatikana buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo na mayai kwenye vijimpira vyenye miiba, wampige picha na wamwache hapo hapo. Msimu wa mvua, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa, yule wanayemwita Nairobi flai, haumi wala hachomi. Sumu iko ndani yake na inababua ngozi akipondwa. Apulizwe, asipigwe kofi. Akishapondwa, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo. Nyigu na mavu wapigwe kwa lenzi ndefu tu, na asubuhi na mapema.

Wakikua kidogo wape zawadi: tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Nge akimulikwa nayo gizani anang'aa kijani kama taa. Kamera juu ya stendi, ISO 800, f/8, sekunde 4 kwa kuanzia, taa nyingine zote zizimwe. Tochi isielekezwe machoni pa mtu, na awepo mkubwa.

Shikamooni. Muda gani ni mzuri, na msimu gani? (Mwanafunzi, Tunguu)

Marahaba. Baada ya sala ya alfajiri mpaka saa 2 asubuhi: umande bado upo, wadudu wamepoa, upepo haujaamka. Kufika saa 4 kila chenye mbawa kina kasi kuliko wewe. Tofauti ni buibui mrukaji, ambaye huwinda kwa macho na hupenda ukuta wenye jua. Yeye mwendee saa 3. Usimfuate kwa nyuma. Kaa mbele yake, tikisa kidole polepole pembeni mwa lenzi, na atageuka mwenyewe kukutazama. Akiinua miguu ya mbele na kuchuchumaa, anajiandaa kuruka, na mara nyingi anarukia lenzi.

Wiki za baada ya masika ndizo zenye wadudu wengi. Kusi inapovuma miezi ya Juni hadi Agosti, piga upande wa nyumba uliokingwa na upepo, na ushikize shina kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti ulichokichomeka ardhini. Kabla ya kulishika shina, mwache mdudu akuzoee dakika moja. Kivuli chako kisimpitie. Jina lake usipolijua, programu ya iNaturalist husaidia, mradi uipe picha tatu: ya juu, ya ubavu na ya uso.

Ndani ya lenzi yangu pameota kama utando wa buibui. Niifungue? (Msomaji, Chake Chake)

Usiifungue mwenyewe. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu inaota kwenye lenzi yoyote iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi au kabati la nguo. Ikiwa ni nyuzi chache pembeni, picha hazitaonyesha tofauti, lakini itaendelea kula rangi ya kinga ya kioo, na alama ikishaingia haitoki hata kwa fundi. Itenge na lenzi nyingine leo hii, na ipeleke kwa fundi wa kamera anayefungua vioo.

Zilizo salama ziweke kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira mfunikoni, pamoja na gramu 100 hivi za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo. Kipimo kikae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usitumie, unatoa unga. Silika ya rangi ikibadilika, ikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 120 saa moja au mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha irudishe. Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa huko nje kabla ya kuitoa mfukoni. Ukiitoa moja kwa moja itatoka jasho ndani na nje. Ukirudi kutoka pwani, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kikamuliwe hasa, halafu kwa kikavu, na usibadilishe lenzi mpaka ufike ndani.